Simbilisi wa Ishirini na Moja

Wapo wasomaji wanaotaka kujua msafiri alipita njia gani, alilala wapi na alivuka maji ya namna gani. Hao watafute kwingine. Hapa inatosha kusema kwamba Bi Shufaa binti Athumani, mpakaji hina kwa miaka thelathini na miwili, aliitwa nchi ya Shwari kumpamba bibi harusi, akaenda, akafika salama, miguu ikiwa imemvimba kidogo tu.

Kitu cha kwanza kilichomshangaza ni miimo ya milango. Kila nyumba, ya tajiri na ya fukara, mwimo wake ulikuwa na doa linalong'aa usawa wa bega, na jingine usawa wa kiuno, mbao zimelika na kulainika kabisa. Alidhani ni urembo wa huko. Kisha akamwona bwana mmoja mwenye kofia safi na mkoba wa ngozi akisimama mlangoni, akatazama kulia, akatazama kushoto, akageuka na kuusugua mgongo wake kwenye mwimo huku amefumba macho kwa raha. Alipomaliza alijipangusa uso, akashika mkoba, akaenda zake kama mtu asiye na neno na mtu.

Kitu cha pili ni salamu. Washwari hawaulizani habari za nyumbani wala za afya.

"Habari za mgongo?" husema mmoja.

"Umenyamaza," hujibu mwenzake, hata kama amevaa mikono mirefu kwenye jua la saa saba na anajikunyata ndani ya nguo.

Mgongo unaoulizwa si wa kwao. Ni wa simbilisi, yule mnyama mdogo mnene asiye na mkia, ambaye kwingine watu humfuga kwa kitoweo au kwa kufurahisha watoto. Katika nchi ya Shwari simbilisi ni shahidi. Sheria yao kuu, wanayoiita Sheria ya Mgongo, inasema kwamba hakuna sabuni, mafuta, rangi, dawa wala kitambaa kitakachogusa ngozi ya mtu mpaka kwanza mgongo wa simbilisi uulizwe. Na ukishajibu, hakuna mtu atakayeulizwa tena.

Bi Shufaa aliijua sheria hiyo pale langoni, ofisa alipoufungua mfuko wake wa hina.

"Imeulizwa?" ofisa akasema kwa adabu.

"Hii ni hina, baba. Majani. Bibi yangu alijipaka, na bibi yake."

"Bibi zako walikuwa simbilisi?"

"Hapana!"

"Basi haijaulizwa." Akauweka mfuko rafuni, akaandika kibandiko. "Majuma sita. Lakini usitie shaka, utapewa piko ya hapa. Hiyo imeulizwa, na imenyamaziwa."

Bi Shufaa hakuwa mpenzi wa piko, ile rangi nyeusi inayopakwa badala ya hina. Kwao aliiacha zamani, tangu siku alipompaka mteja wake mmoja kwa mara ya tatu. Yule mwanamke mara ya kwanza hakupata neno, mara ya pili alitoka vipele, na mara ya tatu alivimba uso na koo likambana hadi wakambeba mzobemzobe hospitali, akapona kwa kudra ya Mungu tu. Tangu siku hiyo Bi Shufaa alisema, mimi na weusi huu basi. Lakini alikuwa mgeni, karamu imeshapangwa, na kibandiko cha piko kilikuwa na muhuri mkubwa wenye picha ya simbilisi anayetabasamu. Akanyamaza. Baadaye alijilaumu sana kwa kunyamaza kule.

Nyumba aliyofikia ilikuwa ya Bi Kazija, mjane mkunjufu aliyemwita shoga kabla hata hajavua viatu. Bibi harusi ni bintiye wa pekee, Zamda, msichana wa miaka ishirini na mbili ambaye mdomo wake haukai. Alisema akila, alisema akisukwa, na mama yake aliapa kwamba husema hata usingizini. Bi Shufaa alimpenda siku ile ile. Zamda naye alimwita Somo, kama bibi harusi anavyomwita mwanamke anayemfunda, na akamweleza mambo yote ya mchumba wake, mengine ambayo Bi Shufaa hakuuliza na asingependa kuyajua.

"Uliwahi kupakwa piko, mwanangu?"

"Siku ya posa, Somo, miezi mitatu iliyopita. Iliniwasha kidogo, kama mbu. Nikajisugua mlangoni, ikaisha."

Bi Shufaa alisita na kijiti chake hewani. Akautazama ule muhuri, na yule simbilisi akamtabasamia. Akaanza kupaka.

Yalikuwa maua ya kujaribia tu, ya kuwaonyesha wakwe kabla ya siku yenyewe. Mikono ilikuwa imetolewa malaika, vile vinyweleo laini, kwa sukari na ndimu hadi kwenye viwiko, kama ilivyo desturi, na juu ya ngozi hiyo laini Bi Shufaa alichora matawi membamba, majani na maua ya asumini, akiacha nafasi ya kupumua kati ya ua na ua. Watu waliyasifu. Baada ya siku mbili Zamda aliamka akilia.

Kila ua lilikuwa limeinuka. Kandokando ya kila mstari mweusi ngozi ilikuwa nyekundu, na juu ya majani yalikuwa yametanda malengelenge yenye maji. Vidole vilivimba hadi pete ya uchumba ikakatwa kwa mkasi wa sonara. Bi Shufaa alimwosha kwa maji baridi, akamfunga vitambaa, na machozi yakamtoka bila kificho, kwa sababu mkono uliofanya kazi ile ulikuwa wake.

"Twende kwa mganga," akasema.

Bi Kazija alikuwa akifunga madirisha. "Shoga, sema polepole! Wakisikia majirani tumekwisha."

Hapo ndipo mgeni alipofundishwa desturi ambayo Washwari hawaitaji mbele ya wageni. Kitu kilichonyamaziwa na mgongo hakimdhuru mtu. Basi mtu anayedai amedhurika anaitukana sheria. Haadhibiwi, la, Washwari si wakatili. Husaidiwa tu kuona kosa lake. Siku ya saba hupelekwa uwanjani, mbele ya sanamu ya simbilisi, na hupakwa tena kitu kile kile hadharani, ili yeye na wenzake wote waone kwamba hakina madhara. Wanaiita Tafakari. Akitoka mapele tena, hupakwa tena.

"Na akifa?" Bi Shufaa akauliza.

"Huandikwa kwamba amekufa kwa ukaidi," Bi Kazija akasema, akafunga dirisha la mwisho.

Kuficha hakukufaa kitu. Saa kumi jioni barua ilikuwa imeshafika, imeandikwa kwa lugha tamu, ikimwalika Binti Zamda kwenye Tafakari yake na kumwomba aje na mikono mitupu. Langoni walikuwa wameshapelekewa jina lake asitoke nje ya nchi. Bi Shufaa aliisoma barua ile mara mbili. Alimkumbuka mteja wake aliyebanwa koo, akahesabu kwa vidole: posa, moja; maua haya, mbili; na hii itakuwa ya tatu. Akavaa baibui lake akaenda kwenye Ofisi ya Migongo.

Alipokelewa na Bwana Sijaona, Msomaji Mkuu wa Wekundu, mtu mwembamba, mwungwana, mwenye miwani miwili, mmoja wa karibu na mmoja wa mbali. Alikuwa amefunga vifungo vya shati hadi shingoni na mikono ya shati hadi kwenye vifundo, na kila baada ya muda bega lake la kushoto lilijitikisa lenyewe. Kazi yake aliipenda na alifurahi kupata mtu wa kumweleza.

"Simbilisi hunyolewa mgongo," akasema. "Hupakwa kitu chenyewe, na wengine hudungwa sindano ili mwili usije ukasahau. Hupumzika majuma mawili. Hapo mwili unakuwa umeshafundishwa. Halafu hupakwa tena mahali pengine, na siku ya pili mimi huja na miwani yangu nikasoma. Sifuri, hakuna wekundu. Moja, wekundu wa mabaka. Mbili, wekundu uliotanda. Tatu, wekundu mkali na uvimbe. Hii tunaiita Ngazi. Nimeisoma kwa miaka ishirini na sita, na sijapata kulalamikiwa na simbilisi hata mmoja."

"Sasa, bwana, mara ya kwanza hawapati neno, mara ya pili ndiyo wanatoka?"

"Hasa! Ndiyo siri ya ngozi. Mara ya kwanza hujifunza, mara ya pili hukumbuka."

"Basi mnajua," Bi Shufaa akasema taratibu. "Mnajua vizuri kabisa. Naomba kuona daftari la piko."

Daftari likaletwa. Bwana Sijaona alisoma kwa sauti ya kujivunia: "Piko. Mashahidi ishirini. Wekundu: sifuri kwa wote ishirini. Maelezo: migongo ni myeusi."

Bi Shufaa alidhani hakusikia vizuri. Akaomba asomewe tena. "Migongo ni myeusi kwa nini?"

"Kwa sababu imepakwa piko, mama. Piko ni nyeusi."

"Na wekundu ungeuonaje chini ya weusi?"

"Ndiyo maana nimeandika sifuri. Sikuuona."

"Hukuuona au haukuwapo?"

Bwana Sijaona alivua miwani ya karibu akavaa ya mbali, kama mtu aliyeulizwa jambo lililoko ng'ambo. "Kazi yangu ni kusoma wekundu," akasema. "Weusi haumo kwenye Ngazi."

Mashahidi wenyewe walikuwa bado wamo vizimbani, kwa kuwa piko huulizwa upya kila mwaka na zamu yao ilikuwa imemalizika juma lile. Bi Shufaa aliomba kuwaona. Walikuwa ishirini, kila mmoja na mgongo mweusi tititi kuanzia shingoni hadi makalioni, na wote, bila kukosa hata mmoja, walikuwa wakijikuna. Walijikuna kwa miguu ya nyuma na wakajisugua kwenye nyavu, na pale walipojisugua waya ulikuwa unang'aa kama ile miimo ya milango.

"Wanajikuna," akasema.

"Kujikuna ni tabia. Si jibu."

Bi Shufaa hakuomba ruhusa. Aliingiza mkono, akamnyanyua mmoja, akafumba macho na kumpapasa mgongo kwa ncha za vidole, jinsi alivyozoea kupapasa kiganja cha mteja kabla ya kupaka. Ngozi ilikuwa ya moto. Ilikuwa imeinuka, nene, ngumu, na mnyama alitetemeka kila alipoguswa. Huruma ikamshika, na hasira ikaja nyuma yake.

"Shika hapa, bwana. Shika tu."

"Sheria inasema nitazame," Bwana Sijaona akajibu, na mikono yake ikarudi nyuma ya mgongo wake yenyewe. Bega likatikisika.

Ukutani palikuwa na picha kubwa ya rangi: majani mabichi, kijito, simbilisi wanene wamejilaza kivulini. Chini yake yameandikwa maneno ya Sheria: Shahidi aliyekwisha jibu hataguswa tena na mtu yeyote, atapelekwa Bustanini, atakula majani mabichi, na atakaa kivulini hadi mwisho wa umri wake.

"Bustani hii iko wapi?"

"Nyuma."

"Nataka kuiona."

"Wageni hawaruhusiwi. Mashahidi hawapendi kusumbuliwa."

Bi Shufaa alipotoka alizunguka nyuma ya jengo. Alikuta shimo, koleo, na magunia kumi na moja ya chokaa. Hakuona jani hata moja. Akarudi ndani akaomba kuazimwa kitabu cha Sheria, wakampa kwa furaha, kwa kuwa hakuna mgeni aliyewahi kukiomba.

Siku ya tano Baraza lilikaa kusikiliza ombi lake la kuiahirisha Tafakari. Mwenyekiti alikuwa Mzee Ngwali, mtu mzito mwenye sauti ya upole, aliyeketi kwenye kiti chenye mgongo mrefu ajabu, ambao Bi Shufaa aliyatambua matumizi yake kwa kuona ulivyong'aa. Kulia kwake kiliketi Chama cha Mgongo. Kushoto kiliketi Chama cha Sikio. Vyama hivi viwili vimegombana kwa miaka arobaini, wamenyimana wake, na wamezikana mbali mbali.

Chama cha Sikio kinaamini kwamba simbilisi amepitwa na wakati. Wao hutumia panya wadogo, humpaka panya nyuma ya masikio siku tatu mfululizo, halafu humpasua na kupima tezi iliyo karibu na sikio, kama imekua ama haikukua. Wanasema njia yao ni ya haraka, haihitaji macho ya mtu kama Sijaona, na inamwondolea mnyama ile adha ya kungoja. Chama cha Mgongo huwajibu kwamba panya hana heshima ya kutosha. Yupo pia mwanamke mmoja ambaye kila kikao huja na kibakuli cha chembechembe za ngozi, akidai zinaweza kuulizwa bila mnyama yeyote. Huyo hajapewa nafasi ya kusema hadi leo, kwa sababu hawajakubaliana kibakuli kiketi upande gani.

Zamda aliletwa, vitambaa vikafunguliwa, mikono ikawekwa mezani. Wajumbe walichungulia. Mmoja wa Chama cha Sikio aliinuka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kuna mtu aliyempima masikio?"

Hakuna. Ikaletwa rula. Masikio ya Zamda yakapimwa, la kulia na la kushoto, na mabishano ya saa nzima yakazuka kuhusu kama hereni zihesabiwe. Zamda, ambaye maisha yake yote hakupata kunyamaza, alikuwa akisema mfululizo: kwamba inamwasha, kwamba inamchoma, kwamba halali, kwamba anaogopa. Hakuna aliyegeuza shingo. Katibu hakuinua hata kalamu yake, kwa kuwa maneno ya mtu kuhusu ngozi yake mwenyewe hayaandikwi.

Bi Shufaa aliinuka akawaeleza yote: migongo myeusi, joto, uvimbe, kujikuna. Aliwaambia juu ya mteja wake na koo lake. Aliwaambia waziwazi, "Mkimpaka tena huyu mtoto mtamuua."

Mzee Ngwali alimsikiliza kwa subira kubwa. "Mama mgeni," akasema, "tunakuhurumia. Lakini angalia tulipo. Upande mmoja wapo mashahidi ishirini, wamenyolewa, wamepakwa mara mbili, hawakusema neno. Upande wa pili yuko binti mmoja anayelia. Ungekuwa wewe ungemwamini nani?"

Ombi likakataliwa. Njiani kurudi Bi Kazija alitembea akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Bi Shufaa hakumfariji, kwa kuwa alikuwa akisoma huku anatembea, akajikwaa mara tatu. Alisoma chakula kilipoandaliwa na aliendelea kusoma chakula kilipopoa. Kisha akafunga kitabu akamwita Zamda.

"Mwanangu, unaweza kunyamaza?"

"Kwa muda gani, Somo?"

"Asubuhi nzima."

Zamda aliitazama mikono yake. "Nitakufa," akasema. "Lakini nitajaribu."

Siku ya saba uwanja ulijaa. Watu walikuja na watoto na karanga. Bakuli la piko lilikuwa tayari chini ya sanamu, na wanawake wanne wenye nguvu walikuwa wamesimama kando kumsaidia Zamda atafakari. Bi Shufaa alipita katikati yao na kitabu mkononi akaenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti.

"Nimekuja kuandikisha shahidi wa piko," akasema. "Wa ishirini na moja."

Mzee Ngwali alitabasamu. "Unaye simbilisi?"

"Sheria, ukurasa wa nne, haisemi simbilisi. Inasema shahidi. Nisome?" Akasoma, kwa ile sauti aliyoitumia kuwafunda mabibi harusi, isiyoruhusu mtu kusogea. "Shahidi ni mwenye ngozi, aliye hai, aliyenyolewa mahali pa kupakwa, aliyepakwa mara mbili kwa kupishana majuma mawili au zaidi, na asiyesema neno wakati wa kusomwa." Akafunga kitabu. "Ngozi anayo. Yu hai, tumshukuru Mungu. Mikono ilinyolewa kwa sukari na ndimu, mimi ndiye niliyenyoa. Alipakwa kwenye posa, akapumzika miezi mitatu, akapakwa tena. Mwulizeni kitu muone kama atasema."

Walimwuliza jina lake. Zamda alikaza midomo hadi ikapauka. Wakamwuliza kama inamwasha. Machozi yalimjaa, kifua kikapanda na kushuka, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakusema kitu. Bi Kazija aliangua kilio pale alipo. Kumwona mwanawe kimya kulimwuma kuliko malengelenge.

Wajumbe wakainamiana. Waliotunga Sheria hawakuandika kwamba shahidi sharti awe mnyama, kwa kuwa haikuwapitikia akilini kwamba mtu angetaka. Chama cha Sikio kiliona hapa pana nafasi ya kuwaaibisha wenzao, kikaunga mkono. Chama cha Mgongo kiliona kikikataa kitakuwa kimeikataa Sheria yake. Katibu akaandika: Shahidi wa ishirini na moja, jike, mweupe wa wastani, mtulivu.

Akaitwa Bwana Sijaona. Akaja na miwani yake yote miwili, akainama juu ya mikono ya Zamda. Na kwa kuwa wale ishirini walipakwa mgongo mzima, lakini huyu alipakwa maua, mara hii palikuwa na nafasi kati ya weusi na weusi. Bwana Sijaona alitazama kati ya petali na petali. Alivua miwani ya karibu, akaipangusa, akaivaa tena. Uwanjani karanga zikaacha kutafunwa.

"Tatu," akasema. Sauti ilimtoka kama ya mtu aliyeshtuliwa. "Wekundu mkali na uvimbe. Mikono yote miwili. Tatu."

Vifijo vilivyopigwa havijapata kusikika nchi ya Shwari. Shahidi amesema! Watu walikumbatiana. Hao hao waliokuja na karanga kumtazama binti yule akipakwa, sasa walifuta machozi kwa jinsi alivyoshuhudia vizuri. Piko ilipigwa marufuku kabla ya saa sita. Bakuli likamwagwa na wale wanawake wanne wakaenda nyumbani.

Ndipo Katibu, aliyekuwa mtu wa kufuata taratibu, akakohoa. "Mheshimiwa, shahidi amekwisha jibu. Kwa mujibu wa Sheria, sasa apelekwe Bustanini."

Bwana Sijaona alitazama viatu vyake. Wajumbe waliojua walitazama mawingu, na waliojua walikuwa wote. Kila mtu mzima pale uwanjani aliwahi kuona mikokoteni ya chokaa ikipita.

"Haya," Bi Shufaa akasema kwa furaha. "Twendeni. Mimi na mama yake tutamsindikiza. Na wale wenzake ishirini nao hawajapelekwa, nimewaona juma hili bado wako vizimbani. Twende nao wote kwa pamoja. Watu wote waje wakaione Bustani, tumepata shughuli!"

"Twende! Twende Bustanini!" watoto wakaitikia, kwani kwao picha ile ya kijito na kivuli ilikuwa kweli.

Mzee Ngwali alitoa leso akajifuta shingo. Alikuwa na njia mbili tu. Angeweza kuwaambia wananchi wake kwamba Bustani haipo, na kwamba kwa miaka yote ile wamewaita mashahidi wao wastaafu huku wakiwafukia. Au angeweza kuipata Bustani.

"Bustani," akasema, "inafanyiwa matengenezo. Kwa leo mashahidi watakaa... watakaa shambani kwangu, nyuma ya nyumba. Kuna kivuli. Kuna michungwa."

"Na kijito," Bi Shufaa akasema.

"Kitachimbwa kijito," Mzee Ngwali akasema kwa unyonge.

Basi simbilisi ishirini walifunguliwa siku ile katika shamba la Mwenyekiti, wakala mchicha wake wote kabla ya magharibi, na hakuna aliyethubutu kuwagusa. Zamda aliolewa hapo hapo Ijumaa iliyofuata, mikono ikiwa imefungwa vitambaa vyeupe, bibi harusi wa kwanza wa Shwari asiye na ua hata moja. Aliongea tangu mwanzo wa ndoa hadi mwisho, hadi kadhi akamsihi. Mumewe aliulizwa haoni haya kuoa aliyeandikwa shahidi. Alijibu kwamba angalau mkewe sasa ana cheo, na sheria inakataza asiguswe na mtu yeyote, ila hilo watalizungumza wenyewe.

Ningependa kusema kwamba Washwari walipata akili, wakaanza kuulizana wao kwa wao. Hawakupata. Wanaamini hadi leo kwamba mtu hajui kinachomwasha. Jumamosi asubuhi Bi Shufaa alipokuwa akipita na mfuko wake wa nguo kurudi kwao, aliukuta mstari mrefu mbele ya Ofisi ya Migongo, umezunguka jengo na kufika hadi kwenye sanamu. Walikuwemo wafua nguo wenye viganja vilivyopasuka, vinyozi, mafundi saruji, mwalimu wa kike aliyeficha shingo kwa mtandio. Wote walikuwa wamejinyoa mahali panapowauma. Wote walikuwa kimya, kwa sababu walisikia kwamba asiyenyamaza haandikwi.

"Mmefuata nini?" akamwuliza yule wa mwisho, aliyempa mgongo.

"Kuandikishwa simbilisi," yule mtu akajibu kwa sauti ya chini, kisha akageuka. Alikuwa Bwana Sijaona. Hakuwa na miwani hata mmoja. Akamtambua Bi Shufaa, akaona haya, na bega lake la kushoto likatikisika.

"Wewe, bwana? Na nani atakusoma?"

"Sijui," akasema. "Ni haya mafuta tunayopaka mikononi kabla ya kushika vizimba. Niliyasoma mwenyewe mwaka wa kwanza wa kazi. Nikaandika sifuri."

Bi Shufaa aliweka mfuko wake chini. Akamfungua kifungo cha mkono wa shati, akaukunja hadi kwenye kiwiko, na ngozi iliyokuwa humo haikuwa imeona jua kwa miaka ishirini na sita. Alifumba macho, akampapasa polepole kwa ncha za vidole vyake. Ilikuwa ya moto. Ilikuwa imeinuka, nene, ngumu.

"Inakuwasha," akasema.

Bwana Sijaona alifungua mdomo kusema kwamba hilo si jibu. Akashindwa. Akalia pale pale mstarini kama mtoto, mkono wake ukiwa katika mikono ya mgeni, na waliokuwa mbele yake wakageuka mmoja mmoja, wakaanza kukunja mikono ya nguo zao.